Programu za Simu: Funzo Kutoka kwa Majirani

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba kampuni fulani, chama fulani cha ushirika au duka fulani la jumla limeamua kuwa na programu yake ya simu. Uamuzi huo hutangazwa kwa fahari, kana kwamba programu yenyewe ndiyo maendeleo. Tukiwatazama majirani zetu waliotangulia katika njia hii, hasa Kenya na Uganda, tunaona kwamba programu ya simu ni chombo kama vyombo vingine. Chombo humfaa mwenyewe pale anapojua anakwenda wapi, abiria wake ni nani, na usukani umeshikwa na nani.

Tuanze na Kenya. Huduma ya M-Pesa, ambayo leo inajulikana duniani kote, haikuanza kama tunavyoijua. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Wahusika walipowaangalia watu wakiitumia, waligundua kwamba wengi walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Basi shabaha ikabadilishwa. Huduma ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, kazi yake kubwa ilikuwa kumwezesha aliyeko mjini kutuma fedha kwa jamaa zake walioko shamba.

Hapa pana funzo la kwanza: mpango mzuri huanza na haja ya mteja, na mteja mwenyewe ndiye anayeifunua haja hiyo kwa vitendo. Anayetumia fedha zake zote kutengeneza programu kubwa kabla ya kuijaribu kwa wateja wachache hujinyima nafasi ya kujirekebisha.

Funzo la pili linahusu simu yenyewe. M-Pesa iliwekwa ndani ya kadi ya simu, ikafanya kazi katika simu ndogo ya vitufe aliyokuwa nayo mkulima, kuli na mama lishe. Programu ya M-Pesa ya simu za kisasa, yenye huduma nyingi mahali pamoja, ilizinduliwa Kenya mwaka 2021, yaani miaka 14 baadaye, wakati umma ulikuwa umekwisha kuizoea huduma. Kwa hiyo mfanyabiashara hana budi kujiuliza: wateja wangu wana simu za namna gani? Je, wanamudu vifurushi vya intaneti? Yawezekana kwamba njia ya kubonyeza nyota na tarakimu, au ujumbe mfupi wa maandishi, itawafikia wengi zaidi na kwa gharama ndogo zaidi.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Uganda. Huko Kampala, kampuni ya SafeBoda ilianzishwa mwaka 2014 kushughulikia tatizo ambalo kila mkazi wa mji ule alilijua: ajali za bodaboda. Ilifundisha madereva kanuni za usalama, ikawavisha vizibao vya kung'aa, na kuwataka wawe na kofia ngumu ya pili kwa ajili ya abiria. Abiria aliyemwita dereva kwa simu alijua anachokinunua, kwa sababu huduma yenyewe ilikuwa na sifa yake barabarani. Hata hivyo, kampuni hiyo iliyoingia Nairobi mwaka 2018 ilifunga shughuli zake huko mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Uviko ulipodhoofisha usafiri wa mjini. Programu ilikuwa ile ile, lakini programu haiwezi kuzaa abiria pale ambapo watu hawasafiri. Biashara inayolegalega haiponi kwa kuingizwa ndani ya simu.

Ndugu wasikilizaji, swali kubwa linalobaki ni la watunzi wa programu: watapatikana wapi, na wataajiriwa kwa masharti gani?

Hapa pia M-Pesa inatufundisha. Programu yake ya kwanza iliandikwa na wataalamu wa Uingereza, na mitambo ya kuiendesha ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya. Ni mwaka 2020 tu ambapo Safaricom ya Kenya na Vodacom ya Afrika ya Kusini, ambayo kampuni yake tanzu ndiyo iliyoileta M-Pesa hapa Tanzania mwaka 2008, zilinunua kwa pamoja kutoka Vodafone jina la huduma hiyo na kazi ya kuiendeleza. Yaani ilichukua miaka 13 kabla ya usukani kufika mikononi mwa kampuni za Afrika. Ikiwa kampuni kubwa kama hizo zililazimika kununua haki hizo, mwenye duka wa Mwanza au ushirika wa Mbozi atafanyaje iwapo mtunzi wa programu yake ataondoka na funguo zote?

Wataalamu si haba katika eneo letu. Nairobi ilipata kituo cha iHub mwaka 2010, ambako vijana wengi wa fani hii walikutana na kufanya kazi pamoja. Rwanda, kwa upande wake, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kufungua tawi mjini Kigali mwaka 2011. Hapa kwetu tuna vyuo vikuu, taasisi za ufundi, na kituo cha Buni kilicho chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anayetafuta fundi asiridhike na maneno matamu wala picha za kupendeza. Aombe kuonyeshwa programu ambazo fundi huyo amekwisha kuzitengeneza, azijaribu katika simu ya bei nafuu, kisha awaulize wenye programu hizo kama fundi alirudi kurekebisha kasoro zilipojitokeza.

Mkataba nao uwe wa maandishi. Useme wazi kwamba msimbo wa programu ni mali ya mwenye biashara, na kwamba malipo yatatolewa kwa hatua, kila hatua baada ya kazi kuonekana. Akaunti ya kuweka programu katika duka la Google, ambayo ada yake ni dola 25 mara moja, na ile ya Apple, ambayo ni dola 99 kila mwaka, zifunguliwe kwa jina la biashara wala si la fundi. Fungu la matengenezo litengwe tangu mwanzo, kwani simu hubadilika kila mwaka na programu isiyotunzwa huchakaa kama paa la makuti. Tena ikumbukwe kwamba taarifa za wateja zinalindwa na sheria: Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022.

Wala hapana haja ya kila mtu kujenga kila kitu upya. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua kwa watunzi wa nje njia ya kuunganisha programu zao na M-Pesa, ikaipa jina la Kiswahili, Daraja. Mwenye busara hupita juu ya daraja lililokwisha kujengwa, akatumia fedha zake katika lile ambalo yeye peke yake analiweza.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Majirani zetu wamelipia mafunzo haya kwa fedha na kwa miaka mingi; sisi tunayapata bure. Ni wajibu wetu kuyatumia: kumjua mteja kwanza, kujaribu kwa kiasi kidogo, kuajiri fundi kwa kazi yake inayoonekana, na kuhakikisha kwamba chombo tunachokilipia ni chetu kweli kweli.