Fundi wa mikoba ana elimu tunayoipuuza

Marehemu mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akifanya kazi Ulaya alimletea zawadi ya mkoba wa ngozi, kazi ya mojawapo ya nyumba zenye sifa kubwa jijini Paris. Mama aliubeba kanisani, harusini na katika mikutano ya chama chake cha akiba, na hadi siku alipotuaga mkoba ule ulikuwa ungali mzima. Niliurithi mimi. Katika msimu mmoja tu wa mvua nikauharibu.

Sina wa kumlaumu. Niliufunga ndani ya nailoni nikauweka juu ya kabati, nikidhani kwamba naukinga na vumbi. Mvua za masika zilipokatika nikakuta umeota kuvu. Nikausugua kwa sabuni ya kufulia, nikaupangusa kwa spiriti, kisha nikauanika kwenye jua la adhuhuri. Jioni ngozi ilikuwa imekakamaa kama ubao, na nilipoushika mpini, uzi ukakatika mkononi mwangu. Hivyo ndivyo mtu mwenye shahada ya uzamifu alivyougharimu urithi wa mamake.

Katika duka moja la jijini nilishauriwa ninunue mwingine. Mwenzangu mmoja wa idarani ndiye aliyenielekeza Kariokor, soko la Nairobi ambalo jina lake ni historia tosha: ni matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Siku hizi hapo ndipo penye mafundi wa ngozi, washonaji wa makubadhi na mikanda, na wale wanaoitia mishipi ya ngozi vyondo vilivyosukwa na akina mama wa mashambani.

Fundi niliyempata ni mzee aliyeanza kazi katika kiwanda cha viatu akiwa kijana. Aliupokea mkoba, akaunusa, akaukunja kidogo, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. Kisha akaniuliza, "Mama, huu umeuosha?"

Nikakiri.

"Ngozi haifuliwi," akasema. "Hii ina njaa. Tutailisha kwanza, halafu ndiyo tushone. Ukishona ngozi yenye njaa, tundu linapasuka."

Nilikaa juu ya kigoda chake kwa saa nyingi siku ile, na nimerudi mara kadhaa. Yale niliyojifunza hapo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya, kwani nadhani yanatuhusu sote tulio walimu na wanafunzi.

Ngozi mbichi huoza kama nyama. Ili idumu sharti idabighiwe, yaani itiwe dawa inayoshikamana na nyuzinyuzi zake na kuzizuia zisioze. Tangu kale dawa hiyo ilitoka katika magome ya miti. Magome ya mikoko ya pwani yetu yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo, na miwati, mti wenye asili ya Australia, ilipandwa kwa wingi katika nyanda zetu za juu kwa ajili ya magome yake. Katika karne ya 19 ikavumbuliwa njia ya kutumia chumvi za kromiamu, ambayo humaliza kwa siku chache kazi ambayo magome huifanya kwa majuma au miezi. Ngozi ya magome hubadilika rangi kwa jua na kwa mafuta ya mikono, na tone la maji huiachia alama. Ile ya kromiamu huvumilia zaidi. Mkoba wa kifahari mara nyingi huwa na zote mbili: mwili wa aina moja, mipini ya aina nyingine. Kwa hiyo anayeupaka mkoba mzima dawa ya namna moja ni kama tabibu anayewapa wagonjwa wote kidonge kimoja.

Sabuni nayo ina kisa chake. Ngozi iliyodabighiwa huwa na asidi kidogo, takriban 4 au 5 katika kipimo cha pH, hali sabuni ya kufulia hufika 9 au 10. Ikiingia ndani, huvuruga hali hiyo ya asidi na kuyaondoa mafuta yaliyolainisha nyuzinyuzi. Spiriti huyeyusha utando wa rangi ulio juu. Jua humaliza kazi. Niliyatenda yote matatu kwa mchana mmoja.

Hapa naomba niingie kidogo katika taaluma yangu. Kiingereza kina neno moja la ngozi iliyo mwilini mwa kiumbe hai na jingine la ngozi iliyodabighiwa. Kiswahili kinatumia neno moja tu. Ngozi ya mtoto ni ngozi, na ngozi ya kiatu ni ngozi. Wako wanaouona huo kuwa upungufu wa lugha. Mzee wa Kariokor angewashangaa. Kwake yeye ngozi "ina njaa", "inakunywa", "imeshiba", "imechoka", na baada ya kutumiwa siku nyingi mfululizo inastahili "kupumzishwa". Sitiari hizi zina maarifa ndani yake. Ngozi ya binadamu nayo ina asidi kidogo, nayo hukauka ikioshwa kwa sabuni kali, nayo hutaka mafuta ya kiasi. Mtu anayeifikiria ngozi ya mkoba kama anavyoifikiria ya uso wake hatakosea sana, na lugha yake imekwisha kumpa dokezo hilo bure. Mimi niliyefundisha sitiari kwa miaka kumi na mitano sikulisikia.

Kuna na la pili. Chombo chenye ncha kali ambacho fundi hutobolea ngozi, kamusi zetu hukiita msharasi. Kifungo cha chuma cha mkanda ni bizimu, na kitambaa cha ndani ni bitana. Mzee hakuwa amewahi kulisikia neno msharasi. Yeye husema sindano ya kutoboa. Nilipomtajia alicheka, akalirudia mara mbili tatu, akasema ni jina zuri. Nami sikuwa nimewahi kusikia kwamba uzi "hulishwa nta" kabla ya kushonea. Tulibadilishana kama watu wawili wa sokoni, na kila mmoja akaondoka na kitu. Nikakumbuka vikao vya kuunda istilahi nilivyohudhuria, tukiwa wasomi watupu mezani na chai yetu, tukijadili hadi jioni tuseme nini kwa Kiswahili kuhusu kazi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezifanya. Hatukumwalika fundi hata mara moja.

Turudi kwenye mkoba. Baada ya siku tatu za kuulisha kwa krimu, kidogo kidogo na kwa kitambaa laini, mzee aliuondoa uzi uliooza akayahifadhi matundu ya zamani. Kila tundu jipya, alisema, ni jeraha jipya. Akachukua uzi mmoja, akautia sindano kila ncha, akaubana mkoba kwa magoti, akaanza kupitisha sindano zote mbili katika tundu moja, hii ikitoka kushoto na ile kulia. Nikamwuliza kwa nini hatumii cherehani iliyokuwa kando yake. Akanionyesha. Katika mshono wa cherehani nyuzi mbili hushikana katikati ya ngozi. Ukikatika mmoja, jirani zake hulegea na mshono hufumuka. Katika mshono wa sindano mbili, uzi ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado unashika.

Mshono huo ndio uleule unaosifiwa Paris. Nyumba ya Hermès ilianzishwa huko mwaka 1837 na Thierry Hermès, na bidhaa zake za awali zilikuwa hatamu na vifaa vingine vya farasi, si mikoba ya mabibi. Hatamu ikikatika farasi akiwa mbioni mtu hufa. Ndiyo sababu watengenezaji wa matandiko walishona kwa uzi wa kitani uliolishwa nta na kwa sindano mbili. Mikoba ilipokuja, mshono ukahama pamoja na mafundi. Mteja anayelipa fedha nyingi leo analipia, pamoja na jina, uwezekano wa mkoba huo kufumuliwa na kushonwa upya. Nyumba hizo zina karakana zinazopokea mikoba ya miaka mingi na kuikarabati. Uzuri wa kitu cha thamani ni kwamba kinarekebishika.

Ushahidi mkubwa ulionekana mwezi Julai 2025. Mkoba wa kwanza wa aina ya Birkin, aliotengenezewa mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin katikati ya miaka ya 1980, uliuzwa mnadani Paris kwa euro milioni 8.6. Hakuna mkoba uliowahi kufikia bei hiyo mnadani. Je, ulikuwa mpya? La. Ulikuwa umekwaruzika, una alama za vibandiko alivyovibandika mwenyewe, na kifaa chake cha kukatia kucha kilikuwa kinaning'inia ndani. Kabla ya hapo bibi huyo alijulikana kwa kubeba kikapu, na yasemekana mkoba huo ulibuniwa baada ya vitu vyake kumwagika ndani ya ndege mbele ya mkuu wa Hermès. Sitaki kumshauri mtu yeyote autamani mkoba wa bei hiyo. Nataka tu tukumbuke kwamba dunia ya fahari yenyewe imekiri kuwa alama za matumizi si aibu.

Kwa msomaji mwenye mkoba wa ngozi, uwe wa Paris au wa mitumba ya Gikomba, nayakariri maagizo ya mzee. Kwanza, usiufunge ndani ya nailoni. Uvike mfuko wa pamba ili upate hewa, nao ukae mahali pakavu. Pili, ujaze karatasi nyeupe usije ukabonyea. Gazeti, hata hili ulilolishika, huacha wino. Tatu, ukilowa maji, upanguse na uuache ukauke taratibu kivulini, mbali na jiko. Nne, vumbi huondolewa kwa kitambaa kikavu, na krimu ya ngozi hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana. Mafuta ya kupikia yasikaribie, maana huchacha. Tano, uzi wa kwanza ukilegea, nenda kwa fundi siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ngozi ufa wenyewe hauzibiki: ikishapasuka huweza kufichwa kwa rangi, wala haiponi. Mkoba wa mama una nyufa mbili karibu na mpini zitakazobaki hapo daima. Hizo ni zangu.

Lililonihuzunisha zaidi ni jambo jingine. Mzee amewafunza vijana wawili. Mmoja anaendesha bodaboda, wa pili anauza viatu vya mitumba. Nilimwuliza ni nani atakayeishika kazi akichoka. Akaendelea kushona, kisha akasema, "Mwalimu, hilo nikuulize wewe."

Swali ni letu kweli. Mimi ni mtoto wa mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, na nikiwa darasa la saba nilishona kibeti cha ngozi katika somo la sanaa na kazi za mikono. Kilikuwa kibaya, lakini nilikishona. Baadaye somo hilo likaondolewa katika mtihani wa kitaifa, na lisilotahiniwa kwetu halifundishwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeahidi kuirudisha mikono darasani. Ahadi ni njema. Hata hivyo, kila mzazi anajua yanayotendeka: mtoto huagizwa alete kazi ya mikono asubuhi, na usiku mzazi humlipa fundi aitengeneze. Mwalimu huisahihisha na kuitia alama. Maana yake ni kwamba fundi amekwisha kuingia shuleni, ila kwa mlango wa nyuma, bila jina wala shukrani, na mtoto hakujifunza hata kutia uzi sindanoni.

Pendekezo langu halihitaji bajeti kubwa. Fundi aingie kwa mlango wa mbele. Shule iliyo karibu na soko imwalike mara moja kwa muhula, imlipe ujira wa siku yake, imketishe mbele ya darasa na msharasi wake. Mwalimu wa sayansi apate hapo somo la asidi na la protini. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi daftari waandike kila neno analolitamka, pamoja na maelezo yake. Maneno hayo yakikusanywa kutoka Kariokor, Thika na Lamu, wanakamusi tutakuwa na mengi ya kuongeza, na tutaona aibu kidogo, jambo ambalo halitatudhuru.

Nami sitaagiza nisilolitenda. Muhula ujao wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu watafanyia utafiti wao wa istilahi sokoni. Mzee amekubali kuwapokea wanne kwa wakati mmoja, kwa sharti moja: kila atakayekuja na kalamu ashike na sindano. Nimelikubali sharti hilo kwa niaba yao, na wa kwanza kuketi kwenye kigoda nitakuwa mimi. Mpini wa pili wa mkoba wa mama haujashonwa bado.