Kupoza mwili kuokoa ubongo baada ya moyo kusimama

JIONI ya Juni 12, 2021, mamilioni ya mashabiki wa soka duniani walimwona kiungo wa Denmark, Christian Eriksen, akianguka uwanjani mjini Copenhagen, muda mfupi kabla ya mapumziko katika mchezo wa Kombe la Mataifa ya Ulaya dhidi ya Finland. Moyo wake ulikuwa umesimama. Wachezaji wenzake walimzunguka ili kumsitiri, waganga wakamkandamiza kifua na kumshtua kwa mashine ya umeme, na kabla hajatolewa uwanjani alikuwa amerejewa na fahamu. Mwaka uliofuata alirudi kusakata soka, akiwa na kifaa maalumu cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani.

Siku tano baada ya tukio hilo, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliotikisa tiba iliyokuwa imeaminiwa kwa takriban miaka 20, yaani kuupoza mwili wa mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama ili kuunusuru ubongo wake.

Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Hata hivyo, yanagusa jambo moja. Si kila mgonjwa ambaye moyo wake umerejea kupiga huamka papo hapo kama Eriksen. Wengi hubaki katika usingizi mzito kwa siku kadhaa, huku ndugu wakikaa nje ya chumba cha wagonjwa mahututi wakiwa na swali moja tu: moyo umerudi, je, mwenyewe atarudi?

Ubongo hausubiri

Watu wengi huchanganya moyo kusimama na mshtuko wa moyo. Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo unapoziba. Mgonjwa huweza kuwa na maumivu makali ya kifua lakini akawa bado anazungumza. Moyo kusimama ni hali nyingine. Moyo huacha kabisa kusukuma damu, na mgonjwa hupoteza fahamu katika muda wa sekunde chache. Mshtuko wa moyo ni moja ya mambo yanayoweza kuusimamisha moyo, lakini si hali zile zile.

Kiungo kinachoumia mapema kuliko vyote ni ubongo. Ingawa una uzito wa takriban asilimia mbili tu ya mwili wa mtu mzima, hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote, na hauna akiba ya kutosha. Damu isipofika kwa dakika nne au tano, chembe zake huanza kudhurika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba madhara hayaishi pale damu inaporejea. Katika saa na siku zinazofuata, ubongo hupata jeraha la pili. Kalisiamu hujaa ndani ya chembe, kemikali zinazosisimua mishipa ya fahamu humwagika kupita kiasi, oksijeni iliyorudi huzalisha chembechembe zinazounguza kuta za seli, na ubongo huweza kuvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mgonjwa akipata homa katika kipindi hicho, hali huwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo wazo la kupoza mwili lilipopata nguvu. Kila nyuzijoto moja inayopungua hushusha mahitaji ya ubongo kwa takriban asilimia sita hadi saba. Aidha, baridi hupunguza kasi ya uharibifu uliotajwa hapo juu. Kwa maneno mengine, ubongo hupewa nafasi ya kupumzika wakati ukijikarabati.

Wazo la miaka mingi

Tiba hii si ngeni. Mwaka 1950 daktari wa upasuaji wa Kanada, Wilfred Bigelow, alionyesha kupitia majaribio ya wanyama kwamba mwili uliopozwa huweza kustahimili kukatizwa kwa mzunguko wa damu. Septemba 1952, huko Minnesota nchini Marekani, timu ya Dk. John Lewis ilitumia njia hiyo kufungua na kutengeneza moyo wa msichana wa miaka mitano. Mwaka 1964, Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu za kisasa za kurejesha uhai, alishauri kwamba mgonjwa asiyezinduka baada ya moyo wake kurejea apozwe.

Hata hivyo, wakati huo wagonjwa walipozwa mno na kwa muda mrefu, wakapata maambukizi, kuvuja damu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Tiba ikaachwa kwa miaka mingi, hadi majaribio ya wanyama ya miaka ya 1980 na 1990 yalipoonyesha kuwa hata baridi ya wastani inaweza kusaidia.

Kisa kimoja kilichochea matumaini hayo. Mei 1999, daktari kijana wa Sweden aliyekuwa akiteleza kwenye theluji karibu na mji wa Narvik, kaskazini mwa Norway, alinasa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80. Alipofikishwa hospitali mjini Tromsø joto la mwili wake lilikuwa nyuzijoto 13.7, na moyo ulikuwa umesimama. Alipona na kurudi katika kazi ya udaktari. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mwanamke huyo alipoa kabla ya moyo wake kusimama. Mgonjwa wa kawaida hupozwa baada ya madhara kuanza, na tofauti hiyo ni kubwa.

Ushahidi wa mwaka 2002

Februari 2002, tafiti mbili zilichapishwa kwa pamoja. Ya kwanza, iliyofanyika katika nchi tano za Ulaya, ilihusisha wagonjwa 275. Miongoni mwa waliopozwa hadi kati ya nyuzijoto 32 na 34 kwa saa 24, asilimia 55 walikuwa na hali nzuri ya ubongo miezi sita baadaye, ikilinganishwa na asilimia 39 ya wale ambao hawakupozwa. Utafiti wa pili, uliofanyika Melbourne, Australia, kwa wagonjwa 77, ulitoa matokeo ya asilimia 49 dhidi ya 26.

Kwa tiba ambayo haikuwa na mshindani, hizo zilikuwa habari kubwa. Mwaka 2003 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza itumike, na hospitali nyingi za nchi tajiri zikaanza kununua mashine za kupozea.

Utaratibu wenyewe si wa kumwaga barafu ovyo. Mgonjwa huwekwa kwenye mashine ya kupumulia na kupewa dawa za usingizi. Vifurushi vya barafu huwekwa shingoni, kwapani na kwenye kinena, au hufunikwa kwa magodoro maalumu yanayopitisha maji baridi. Hospitali nyingine hutumia mrija unaoingizwa ndani ya mshipa mkubwa wa damu. Joto hupimwa ndani ya mwili, kwa mfano kwenye umio au kibofu, kwa sababu ngozi hudanganya. Mgonjwa huzuiwa asitetemeke kwa dawa, kwani kutetemeka huzalisha joto na kula oksijeni.

Kurudisha joto nako kunahitaji subira. Kwa kawaida hupandishwa kwa robo hadi nusu ya nyuzijoto kwa saa, kwani kupandisha kwa haraka huweza kuharibu yote yaliyopatikana.

Mwelekeo wabadilika

Baadaye maswali yalianza kujitokeza. Je, ni baridi iliyowasaidia wagonjwa wa mwaka 2002, au ni kule kuzuiwa kupata homa? Katika utafiti wa Ulaya, wengi ambao hawakupozwa walikuwa na joto lililo juu ya kawaida.

Mwaka 2013 utafiti uliowahusisha wagonjwa 939 ulilinganisha nyuzijoto 33 na 36, na haukuona tofauti. Mwaka uliofuata, matokeo kutoka Seattle nchini Marekani yalionyesha kuwa kuwapa wagonjwa dripu ya maji baridi kabla ya kuwafikisha hospitali hakukuongeza waliopona. Mwaka 2019 Wafaransa walileta tumaini kidogo. Kwa wagonjwa ambao mapigo yao hayakuwa ya aina inayoweza kushtuliwa kwa umeme, waliobaki na hali nzuri ya ubongo walikuwa asilimia 10.2 kwa waliopozwa, dhidi ya asilimia 5.7 kwa wengine, ingawa idadi ya vifo haikutofautiana.

Ndipo ukaja utafiti wa Juni 2021 ambao matokeo yake yalitokana na wagonjwa 1,850. Nusu yao walipozwa hadi nyuzijoto 33. Wengine walizuiwa tu wasipate homa. Baada ya miezi sita, waliofariki walikuwa asilimia 50 kwa waliopozwa na asilimia 48 kwa wengine. Mapigo ya moyo yaliyovurugika hadi kuathiri mzunguko wa damu yaliwapata asilimia 24 ya waliopozwa, dhidi ya asilimia 17.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba mgonjwa aachwe bila uangalizi. Karibu nusu ya wale ambao hawakupozwa walihitaji mashine ili joto lao lisipande. Miongozo ya Ulaya iliyotolewa mwaka 2022 ilisisitiza kuzuia homa ya zaidi ya nyuzijoto 37.7 kwa angalau saa 72, na ile ya Marekani ya mwaka 2023 iliwapa madaktari nafasi ya kuchagua joto lolote kati ya nyuzijoto 32 na 37.5, mradi lisiyumbe. Lengo, basi, limehama kutoka kwenye baridi hadi kwenye udhibiti wa joto.

Kwa ndugu wa mgonjwa kuna jambo jingine la kuzingatia. Dawa za usingizi na baridi huweza kumfanya mtu aonekane kama hana tumaini. Ndiyo maana madaktari hushauriwa wasitoe hukumu ya mwisho kuhusu ubongo kabla ya saa 72 kupita.

Somo la Kampala

Tiba ya namna hiyo hutumika pia kwa watoto wachanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Katika nchi tajiri, kuwapoza kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa sita za kwanza, kumeokoa wengi na kupunguza ulemavu.

Afrika Mashariki nayo ilijaribu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 36 walihusishwa katika jaribio dogo ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, na chupa za maji zilitumika kupozea. Joto lilishushwa bila mashine ghali, lakini vifo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto waliopozwa. Jaribio lilikuwa dogo mno kutoa hukumu. Mwaka 2021, utafiti mkubwa zaidi wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliohusisha watoto 408, ulikuta vifo vya asilimia 42 kwa waliopozwa dhidi ya 31 kwa wengine.

Funzo ni kwamba tiba inayookoa mahali pamoja haihamishiki kama mzigo hadi mahali pengine bila kupimwa upya. Kwa sababu hiyo, hakuna anayepaswa kumpoza mgonjwa nyumbani kwa barafu au maji baridi, awe mtu mzima au mtoto.

Kilicho mikononi mwa kila mtu

Eriksen hakuokolewa na baridi. Aliokolewa na mikono iliyowahi kifuani pake na mashine iliyokuwa karibu. Bila msaada huo, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia saba hadi 10 kwa kila dakika inayopita.

Mtu akianguka, atikiswe mabega na kuitwa. Asipoitika, na kama hapumui au anahema kwa mbali kama anayekoroma, msaada uitwe mara moja. Alazwe chali mahali pagumu, kiganja kiwekwe katikati ya kifua na kingine juu yake, kisha kifua kikandamizwe kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi wataalamu wafike au mgonjwa azinduke. Wenye nguvu wapokezane.

Yatakayofanywa baadaye katika chumba cha wagonjwa mahututi, iwe kupoza au kuzuia homa, yataunusuru tu ubongo ambao bado haujafa. Kuufikisha huko ukiwa hai ni kazi ya aliyekuwa karibu wakati mgonjwa alipoanguka.