Mihadhara na Mahafali ya Jamia Millia: Yapasayo Kujulikana na Mzazi wa Pwani

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, nyumba nyingi za mwambao huanza mazungumzo ya Bara Hindi. Huyu amesikia habari za Pune, yule ana mpwawe aliyesoma Hyderabad, na mwengine ameambiwa kwamba Bangalore karo si ghali. Wiki hii twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa kina mama ambao aghalabu ndio wanaoubeba mzigo wa karo, habari za chuo kikuu kimoja cha mji wa Delhi: Jamia Millia Islamia. Tumekichagua kwa sababu ndani ya historia yake mambo mawili yanayowashughulisha wazazi, yaani mihadhara na mahafali, yaonekana wazi kuliko kwengineko.

Jina lenyewe ni la Kiarabu na halihitaji mkalimani mkubwa. Jamia ni chuo kikuu, na milliya ni ya umma au ya taifa. Kilizinduliwa tarehe 29 Oktoba 1920, na hakikuzinduliwa Delhi bali Aligarh, tena msikitini. Wakati ule palikuwapo Aligarh chuo kikubwa cha Waislamu kilichokuwa kikipokea ruzuku ya serikali ya Kiingereza. Baadhi ya wanafunzi na walimu wake waliitikia mwito wa kuzisusia taasisi za serikali hiyo, kwa ajili ya uhuru wa India na kwa ajili ya Khilafa iliyokuwa ikivunjwa Uturuki. Wakatoka, wakaanzisha chuo chao wenyewe.

Aliyetakiwa kuwahutubia siku hiyo alikuwa Sheikh Mahmud Hasan wa Deoband, ambaye Waingereza walikuwa wamemfunga katika kisiwa cha Malta na kumwachia mwaka huohuo. Alifika hali ni mgonjwa, sauti haimtoki. Hotuba yake ikasomwa na mwanafunzi wake, Sheikh Shabbir Ahmad Usmani, naye mwenyewe yupo anasikiliza. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Novemba, akafariki dunia, Allah amrehemu. Katika hotuba hiyo mzee huyu, aliyeutumia umri wake wote katika madrasa, alieleza kwamba wenye kuusikia uchungu wake aliwaona zaidi mashuleni na vyuoni kuliko katika madrasa na zawiya. Sisi tuliolelewa kwenye mikeka ya madrasa hatuwezi kuyapita maneno hayo mbio. Mwanachuoni wa kiwango chake aliona si aibu kuwafuata vijana wa elimu ya kisasa hadi pale walipo, na hotuba yake akawapa wao.

Lakini wazazi wa vijana wale walikuwa na swali ambalo hata leo mzazi wa Malindi au wa Lamu huliuliza: je, shahada hii itatambuliwa? Jawabu la wakati ule lilikuwa la. Serikali haikuitambua. Kijana aliyehitimu Jamia hakuweza kubisha mlango wa afisi ya serikali akapokewa. Mwaka 1924 Khilafa ikafutwa, michango ikakauka, na mwaka 1925 chuo kikahamia Delhi, katika nyumba za kukodi mtaa wa Karol Bagh. Kilikaribia kufungwa. Kilichokinusuru ni walimu wake wenyewe. Chini ya Dakta Zakir Husain, kijana aliyerudi kutoka Berlin na kushika uongozi mwaka 1926, kundi la walimu liliweka ahadi ya kutumikia miaka 20 kwa mshahara usiozidi rupia 150 kwa mwezi. (Rupia hiyo wazee wetu waliijua, ilikuwa ndiyo sarafu ya huku kwetu hadi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920.) Walipita miongo minne kabla ya serikali ya India huru kukipa chuo hiki hadhi ya chuo kikuu mwaka 1962, na ilipofika mwaka 1988 ndipo sheria ya bunge ilipokifanya kuwa chuo kikuu cha serikali kuu.

Mwaka 1935 una kisa ambacho twaona kila mama na kila binti akijue. Mwanzoni mwa mwaka huo Jamia ilimwalika Bibi Halide Edib kutoa mihadhara. Alikuwa mwandishi wa riwaya wa Kituruki, mwanamke aliyesimama mbele ya umati mkubwa katika uwanja wa Sultanahmet, Istanbul, mwaka 1919, majeshi ya kigeni yalipokuwa yameingia katika nchi yake. Baadaye alihitilafiana na watawala wapya wa Uturuki, akaishi uhamishoni Ulaya pamoja na mumewe. Alipofika Delhi alikuwa mgeni wa Dakta Mukhtar Ahmad Ansari, chansela wa Jamia, ambaye nyumba yake iliitwa Darus Salaam. Jina hilo si geni kwetu watu wa mwambao. Alitoa mihadhara minane kuhusu Uturuki na mvutano wa mashariki na magharibi. Miongoni mwa walioketi kiti cha uenyekiti katika mihadhara hiyo ni Mahatma Gandhi na mshairi Muhammad Iqbal. Tufikirie kidogo: wanaume wenye majina yaliyoenea dunia nzima wameketi, na bibi wa Kiislamu yuko jukwaani anawafundisha. Mihadhara ile ilichapishwa kitabu mwaka huohuo, na yale aliyoyaona safarini akayaandika katika kitabu chengine kilichotoka mwaka 1937.

Mwaka huohuo wa 1935, tarehe 1 Machi, liliwekwa jiwe la msingi la majengo mapya huko Okhla, pembezoni mwa Delhi, mahali ambapo chuo kipo hadi leo. Hakuitwa waziri wala tajiri kuliweka. Aliitwa mwanafunzi mdogo kuliko wote, mtoto wa shule ya msingi. Jamia tangu zamani ina shule yake ya watoto wadogo, na mtu aweza kuingia akiwa wa chekechea akatoka na shahada ya uzamifu.

Katika shule hiyo ya watoto alifanya kazi Bi Gerda Philipsborn, mwanamke wa Kiyahudi kutoka Ujerumani aliyejuana na Zakir Husain na wenzake walipokuwa wanafunzi Berlin. Aliondoka kwao wakati Hitler ananyanyuka, akaja kuishi na Waislamu maskini wa Delhi na kuwalea watoto wao. Wanafunzi walimwita Aapa Jaan, yaani dada mpendwa. Vita vilipozuka Waingereza walimtia kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Alifariki kwa saratani mwaka 1943, na kaburi lake liko katika makaburi ya Jamia. Bweni la wasichana lina jina lake.

Mahafali nayo yana kisa chake. Novemba 1946 Jamia iliadhimisha miaka 25. Wakati huo Bara Hindi lilikuwa likiwaka moto wa fitina, Mhindu na Mwislamu wanauana majiani. Dakta Zakir Husain alifanikiwa kuwaketisha kwenye jukwaa moja Muhammad Ali Jinnah na dadake Fatima, Liaquat Ali Khan, na kwa upande wa pili Jawaharlal Nehru na wenzake. Hao walikuwa hawakai pamoja ila kwa mabishano. Akawageukia akawaomba kwa jina la Mungu wauzime moto huo kwanza; suala la nani aliyeuwasha lingoje. Hawakuuzima, kama dunia ilivyoshuhudia mwaka uliofuata. Lakini yale aliyoyanena siku hiyo ndiyo yanayotajwa mpaka leo, na wengi hawakumbuki kwamba ilikuwa sherehe ya chuo.

Tuje kwenye mambo ya leo. Kijana anayekwenda kusoma India, Jamia au kwengineko, atakuta mihadhara ya aina mbili. Kuna mihadhara ya darasani, na hiyo haina mchezo. Vyuo vingi vya huko vinataka mwanafunzi awe amehudhuria asilimia 75 ya vipindi, na mahudhurio yakipungua aweza kuzuiwa kuingia mtihani hata kama karo imelipwa yote. Vijana wetu waliozoea kuazima madaftari ya wenzao mwisho wa muhula hushtuka. Kisha kuna mihadhara ya wazi, ambayo mgeni huja kuzungumza ukumbini na kila mwanafunzi ana ruhusa ya kuingia. Hiyo haihesabiwi katika mahudhurio, ndiyo maana vijana wengi huipuuza. Sisi twaona ni hasara. Aliyeingia ukumbini mwaka 1935 hakupewa alama yoyote kwa kumsikiliza Halide Edib.

Kina mama hutuuliza pia kama chuo hicho chafaa kwa binti. Jamia husomesha wavulana na wasichana, ina mabweni ya wasichana pekee, na kuanzia mwaka 2019 hadi 2023 iliongozwa na mwanamke, Profesa Najma Akhtar, naibu chansela wa kwanza wa kike katika historia yake. Hayo ni ya kujulikana. Uamuzi ni wa mzazi na binti mwenyewe, nasi hatumwamulii mtu.

Sasa mahafali. Hapa ndipo wazazi wetu wengi hukwama, kwa kuwa hudhani mambo huenda kama ya Kenya, mtu amalize mtihani na miezi michache baadaye avae joho. India si hivyo. Sherehe ya kutunuku shahada yaweza kuchelewa mwaka, na pengine zaidi. Jamia yenyewe ilifanya mahafali yake ya kutimiza miaka 100 Julai 2023, na waliotunukiwa walikuwa wahitimu wa miaka ya 2019 na 2020. Ugonjwa wa korona ulichangia, kweli, lakini kuchelewa kwenyewe si jambo geni huko.

Kwa hiyo kijana hurudi nyumbani akiwa na cheti cha muda na karatasi za alama, na shahada yenyewe hufuata. Kabla hajapanda ndege ni lazima ahakikishe ana karatasi za alama za mihula yote, siyo ule wa mwisho pekee. Ni lazima pia awe na hati ya kutodaiwa, ambayo hupatikana baada ya maktaba, bweni na idara yake kutia sahihi. Na kuna cheti kiitwacho cha kuhama, ambacho vijana wetu huona hakina kazi hadi siku wanapotaka kusoma shahada ya uzamili katika chuo chengine cha India, wakaambiwa hawaingii bila hicho. Kukifuata kutoka Mombasa ni kazi nzito.

Jambo lililo zito zaidi ni jina. Watu wa Pwani tuna ugonjwa wa majina. Katika cheti cha kuzaliwa yeye ni Fatma, katika cheti cha shule ni Fatuma, katika pasipoti ni Fatma tena lakini jina la babu limeondoka. Fomu za India humtaka mwanafunzi aandike jina la baba na jina la mama, na linaloandikwa siku ya kujiunga ndilo litakalotokea katika shahada. Kulirekebisha baadaye ni viapo mbele ya wakili, ada, na kungoja. Mzazi akae na mwanawe na karatasi zote mezani kabla ya fomu kujazwa. Vilevile mwanafunzi asisahau kujiandikisha katika ofisi ya wageni ndani ya siku 14 za kufika, na ajue kwamba viza yake ya masomo haitamngoja hadi siku ya mahafali.

Na hilo la viza ndilo lililomleta kwetu mama mmoja wa mtaani petu, muuza mahamri na mbaazi. Binti yake alisoma katika chuo kimoja cha India, akarudi, na baada ya mwaka na miezi miwili ikaja barua kwamba mahafali yamepangwa. Wakati wote huo binti alikuwa ametembea na cheti cha muda, na mwajiri mmoja alishamrudisha akisema anataka shahada yenyewe. Viza ilikwisha. Pesa za chama zilikuwapo, zatosha tiketi mbili za kwenda na kurudi, au karo ya mwaka wa kwanza ya mdogo wake aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi.

"Sheikhe," alituambia, "mie nataka nimuone akiitwa jina lake mbele za watu. Miaka mitatu naamka saa tisa za usiku."

Hatukuweza kumwambia kwamba hilo ni jambo dogo. Neno kuhitimu lenyewe limetokana na khatma, na tangu utotoni sisi huku mtoto akikhitimu msahafu hufanyiwa karamu na kupitishwa mtaani. Joho nalo si la kigeni. Mababu zetu walilivaa siku za harusi kabla vyuo vikuu havijafika hapa. Mzazi kutaka kuona ni haki yake. Lakini tulimwambia tulivyoona: vyuo vya India humruhusu mhitimu kujiandikisha kutunukiwa bila kuwapo, hulipa ada, na shahada yake hutumwa au huchukuliwa na mtu aliyemwandikia wakala. Karo ya uuguzi haingeweza kusubiri.

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ada hiyo ni kiasi gani.

Mdogo aliingia chuoni. Nyumbani ilisomwa khitma baada ya Alasiri, kina mama wa chama wakapika pilau, na kabla ya dua baba mdogo wa binti alisimama mlangoni akamwita kwa jina lake kamili, la baba na la babu, watu wote wakisikia. Shahada ilifika kwa posta miezi mitano baadaye, na kitu cha kwanza alichofanya mama yake ni kuitwaa na kuangalia kama Fatma wameandika bila ya herufi ya ziada.