Farasi anayesifiwa, sifa unazilipia wewe

Wadau, huku Goziba mbalamwezi ikikolea dagaa hawavuliki, taa zetu hazivuti kitu. Mitumbwi inalala nchi kavu, vijana wanabaki na simu. Mimi nauza dagaa kwa WhatsApp, wateja wengi wako Bukoba na Mwanza, na siku hizo ndiyo naona magrupu yanageuka: badala ya bei za dagaa inarushwa mikeka. Mpira ndiyo mwingi, ila farasi nao wamo. Na kila mkeka una maneno yake: "Huyu ni wa uhakika, wachambuzi wote wamemtaja."

Sasa tuongee kibiashara. Odds ni bei. Farasi asubuhi anapewa 4.00, yaani buku linarudi elfu nne. Wanamsifia kutwa nzima, watu wanammwagia hela, jioni yuko 1.80. Miguu ni ileile, anayempanda ni yuleyule. Ni kama status zote zikisema dagaa wameadimika: mpaka utume hela mwaloni, bei ilishapanda jana.

Piga hesabu. Tuseme farasi huyo kweli ana uwezo wa kushinda mara 33 kati ya 100. Ukiweka buku mara zote 100, umetoa 100,000. Kwa odds 4.00 unapokea 132,000. Kwa 1.80 unapokea 59,400. Ili 1.80 isikukate, lazima ashinde mara 56, na hakuna mtangazaji anayeweza kumwongezea farasi mbio.

Mwaka 1967 kule Uingereza, kwenye mbio za Grand National, aliyependwa na wabeti wengi alikuwa Honey End. Kikwazo cha 23 farasi wakagongana, wakarundikana. Foinavon alikuwa nyuma huko, wa 100 kwa 1, akapata upenyo akapita. Honey End akaja wa pili. Sisemi ubeti wa mkiani, jamani! Wengi wa 100 kwa 1 wanabaki hukohuko nyuma.

Na hao farasi wa kuchorwa, wanaokimbia kwenye skrini kila baada ya dakika chache? Mshindi anatolewa na kompyuta kwa bahati nasibu. Hawaumwi, hawachoki, hawana mazoezi. Anayekuuzia uchambuzi wao anakuuzia hewa. Ukiongeza kwamba kampuni inajikatia chake ndani ya kila odds, unaona mwenyewe nani analipwa.

Akinijia mtu inboksi na mkeka namuuliza kitu kimoja: odds ilikuwa ngapi kabla hawajaanza kumsifia? Wengi hawajui. Halafu namuuliza hela yenyewe ni ya nini. Mara nyingi ni ya kununulia dagaa giza likirudi.