Gunia lina etiketi, maneno hayana: nani aliandika kitabu chetu?

Vitabu vilifika ndani ya katoni mbili, vimefungwa na plastiki juu ya kinga, maana mvua ilikuwa imekata barabara ya Kasongo kwenda Kabambare na pikipiki hazikupita. Kilikuwa kitabu kidogo chenye picha nyingi: namna ya kujikinga na kuporomoka kwa shimo. Tulikuwa tunakingoja sana kwa sababu kilitoka kwetu. Miezi mingi mbele ya pale, watu wa shirika moja (jina ninaliacha) walikaa na sisi wa sendika, na wachimbaji, na wamama wanaotwanga mawe. Wakauliza, wakaandika, wakashukuru, wakaenda.

Jioni ile muchimbaji mumoja, muzee katika kazi, ambaye kusoma kwake ni kwa shida, akamupa binti yake kitabu amusomee. Binti yuko kalasi ya tano. Akafika pahali panaposema kwamba shimo haliui mutu bila kumusalimia kwanza: sikiliza miti, na miti ikilia, toka, usirudie hata nyundo. Muzee akamusimamisha.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Hayo ni maneno yangu. Nilimuambia yule kijana wa karatasi, tukiwa chini ya mwembe."

Binti akageuza kitabu, mbele, nyuma, akatafuta. Kulikuwa jina la shirika, jina la mufazili, jina la mutaalamu mumoja aliyelala kwetu siku 3, na jina la aliyepanga picha kwenye ordinatere. "Baba," akasema, "hapa haumo."

Nilikuwa nimekaa pale nikinywa chai. Sikujua nimujibu nini ule mutoto.

Watu watasema: jina ni kitu gani? Kitabu kinatolewa bure, hakuna aliyekula feza, na kama kitaokoa hata mutu mumoja, basi. Mimi pia nilisema hivyo kwa siku mbili tatu. Kisha tukasikia kwamba kutakuwa mafundisho mjini juu ya usalama wa mashimo. Aliyeitwa kufundisha, na kulipwa kwa siku, ni yule mutaalamu wa siku 3. Simulaumu. Aliyemuita alifungua kitabu, akaona jina, akapiga telefone. Muzee wetu angeitwa namna gani? Karatasi haijui kwamba yupo. Njo maana siku hizi ninasema jina ni mushahara, na katika kitabu cha bure ni mushahara wa peke yake.

Ndipo nikaanza kuuliza habari ya alama ndogo iliyokuwa nyuma ya kitabu: herufi mbili, CC, ndani ya muviringo, halafu BY. Nilizani ni alama ya mashine ya kuchapisha. Kumbe ni ruhusa. Shirika la Marekani linaloitwa Creative Commons, lililoanzishwa mwaka 2001, lilitoa ruhusa hizo kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Zinazotumika sana leo ni za mwaka 2013, wanaziita 4.0. Mutu akiweka alama ile juu ya kazi yake anasema: chukua, kopia, tafsiri, geuza, hata uza ukitaka, usije kuniomba. Lakini utataja jina langu namna nilivyoliandika, utaonyesha ruhusa yenyewe, na utasema kama umebadilisha kitu. Asiyefanya hivyo, ruhusa inamufia mukononi. Akitengeneza kosa ndani ya siku 30 tangu alijue, inamurudia. Kuna herufi zingine zinazoongezwa: NC inakataza biashara, ND inakataza kusambaza kazi iliyogeuzwa, SA inataka anayegeuza naye aachilie kazi yake kwa ruhusa ile ile.

Sasa ona shida yetu. Kila atakayekopia kile kitabu, Kindu, Bukavu, ao Kinshasa, atafuata sheria vizuri kabisa na kutaja majina yale manne yaliyoandikwa. Atakayekitafsiri kwa Lingala pia. Kosa la siku ya kwanza linasafiri pamoja na kitabu, na hakuna anayejua kwamba anabeba kosa.

Sisi wa kasiterite na koltani jambo hili tulipaswa kulielewa mbele ya wengine. Gunia likitoka kwenye shimo linawekwa etiketi ya mine, na likifika kwa négociant linapewa etiketi yake, ili mununuzi wa Ulaya ao Asia ajue lilitoka wapi. Tumelalamika sana juu ya zile etiketi, na mimi nimelalamika kuliko wengi. Lakini kanuni yenyewe ni rahisi: etiketi ikikosa pale chini, huko juu hakuna anayeweza kuirudisha. Maneno ya muzee yalitoka Kabambare bila etiketi.

Nilipeleka swali kwa mutu anayejua sheria. Jibu lake lilinichoma, na ninaliandika hapa kwa sababu wengi wetu tunajidanganya. Kongo tuko na sheria ya haki za waandishi, Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na nchi yetu imo katika mapatano ya Berne, ambayo yanamupa mwandishi haki ya kusema "hii kazi ni yangu" hata kama ameuza kila kitu. Lakini sheria za namna hii zinalinda maneno namna yalivyopangwa. Hazilindi maarifa. Kujua kwamba miti inalia kabla ya shimo kuanguka, hiyo si mali ya mutu mbele ya sheria. Aliyeisikia akaiandika kwa maneno yake mwenyewe, ni yeye mwandishi. Na hata ukisema kwamba maneno yalikuwa ya muzee neno kwa neno, utaonyesha nini mbele ya mutu asiyekuwa pale chini ya mwembe?

Kwa hiyo tusingoje hiyo ruhusa ya CC itutetee. Inalinda majina ambayo watu wamekubali kuweka. Kuyaweka ni mapatano yetu, yanafanywa mbele ya kalamu kugusa karatasi. Kisha pale, ni kuomba.

Kuna waliofanya vizuri, na si mbali na sisi. Mwaka 1965, katika muji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, muji uliojengwa juu ya shaba ya Union Minière, watu waliotumika zamani kama maboyi katika nyumba za Wazungu walikuwa na chama chao. Chama kile kilitoa historia ya muji kwa Kiswahili, Kiswahili cha kule, kwa mashine ya kuandikia: "Vocabulaire" ya muji wa Elisabethville. Aliyeikusanya na kuiandika anaitwa André Yav. Zilikuwa karatasi za kawaida, zingeweza kuishia kufungia karanga sokoni. Nakala moja ikafika kwa mutaalamu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, na mwaka 1990 akaitoa kama kitabu kikubwa chenye tafsiri.

Angalia sasa namna majina yalivyopangwa. Juu ya kitabu, maandishi yanaitwa ya André Yav. Fabian anatajwa kwa kazi yake: kutayarisha, kutafsiri na kueleza. Kalundi Mango anatajwa kwa musaada wake. Ni yeye aliyesoma maandishi yale kwa sauti, maana bila sauti ya mutu wa kule hayakusomeka vizuri. Walter Schicho anatajwa kwa maelezo ya lugha. Fabian angeweza kuandika jina lake peke yake na boyi wa zamani akabaki "mutoa habari mumoja". Angepata sifa ile ile, pengine kubwa zaidi. Lakini leo mutoto wa Lubumbashi anaweza kusema babu zake waliandika kitabu, na akakionyesha.

Sisi wa Kasongo tuko na mufano wa upande mwingine. Tippu Tip, mwenye misafara, mufanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye Kasongo ilikuwa makao yake, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mujerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za kizungu na kuyatoa pamoja na tafsiri mwaka 1902 na 1903. Jina la Tippu Tip liko pale mpaka leo, la Brode pia. Waliobeba zile pembe kutoka huku mpaka pwani, nani anawajua? Babu zetu wengi wamo katika kile kitabu, lakini wamo kama muzigo.

Leo kuna njia nyepesi zaidi. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na iko chini ya ruhusa BY-SA. Kila ukurasa uko na historia yake: ukifungua unaona nani aliongeza mustari gani, siku gani, saa ngapi, hata aliyeweka koma tu. Unayetoa ukurasa wa Kasongo kwenye Kifaransa na kuuweka kwa Kiswahili unapaswa kuandika umeutoa wapi, ili wale wa kwanza wasipotee. Na African Storybook, ya shirika Saide la Afrika ya Kusini, inayotoa hadisi za watoto kwa ruhusa za namna hii kwa lugha nyingi za Afrika, inataja mbalimbali aliyeandika, aliyechora, aliyetafsiri. Watoto wetu wanazisoma kwenye telefone. Ile desturi ya kutaja kila mutu na kazi yake njo tuliyoiiba, kama hiyo ni kuiba.

Kwa maana ile ruhusa iliyotupoteza, ni hiyo hiyo iliyotufungulia mulango. Tuliandikia shirika. Wakajibu kwa adabu kwamba nafasi haikutosha kwa majina yote. (Nafasi ya chapa tano za wafazili ilitosha.) Basi tukawaambia asante, tutakitengeneza sisi. BY inaturuhusu: tunachukua kitabu chao, tunasahihisha, tunaongeza, tunataja shirika namna lilivyojiandika, tunasema wazi kwamba tumebadilisha, na tunaweka majina yaliyokosa. Hakuna wa kumuomba.

Nilizani kazi kubwa itakuwa feza ya karatasi. Kazi kubwa ilikuwa liste.

Liste ya kwanza tuliiandika sisi wanaume wa komite, majina 11. Mama mumoja anayetwanga mawe akaichukua, akaisoma polepole, akauliza: "Na ukurasa wa vumbi, nani aliwaambia? Kitambaa chenye maji usoni, kumwagia jiwe mbele ya kupiga, hayo mulijifunza wapi?" Tukanyamaza. Hakukuwa jina la mwanamuke hata mumoja. Yale tuliyolilia shirika, tuliyafanya sisi wenyewe kwa usiku mumoja, na hakuna aliyetulazimisha. Tukaanza upya.

Kisha PDG wa shimo akataka kuwa wa kwanza, juu ya rame za karatasi alizonunua. Mwingine alikuja mukutano mara moja, akanywa chai, akataka naye aingie. Tulibishana mpaka saa ya kulala. Tukakubaliana kugawa kama katika kile kitabu cha Lubumbashi, kila mutu kwa kazi yake: waliosimulia na kufundisha, walioandika, waliochora, waliotafsiri, waliosaidia kwa vitu. Ndani ya kila fungu, majina yanafuata alfabeti, ili asiwepo mukubwa. PDG yuko katika fungu la mwisho na amekasirika kidogo. Wa chai hayumo.

Halafu ikaja shida ambayo watu wa miji hawaifikiri. Wachimbaji wawili walisema: musituandike. Wanachimba ndani ya eneo la kampuni, na jina katika kitabu cha mashimo ni kama kujipeleka kwa askari. Hapo ruhusa ina akili: inasema taja mutu namna alivyotaka atajwe, na jina la utani linaruhusiwa. Mwenye kazi anaweza hata kuomba baadaye jina lake liondolewe, na aliyekopia aliondoe kadiri inavyowezekana. Kwenye intaneti hiyo inawezekana. Lakini karatasi iliyokwisha kugawiwa toka Wamaza mpaka Salamabila, utaikimbilia wapi? Ndiyo sababu tulipita nyumba kwa nyumba kuuliza, jina lipi na liandikwe namna gani, mbele ya kuchapisha. Mumoja wao alichagua jina ambalo wenzake wanamuitia shimoni. Siliandiki hapa. Wa pili akakataa kabisa, tukamuacha.

Na kuna aliyetufundisha habari ya hewa mbaya chini, namna muali wa taa unavyolegea mbele ya mutu kulegea. Alikufa kabla hatujamufikia. Mujane wake alituambia tuandike jina lote, la baba yake pia, na neno "marehemu" tuliache, kwa sababu alipotufundisha alikuwa muzima.

Muzee wa ile jioni yuko kwenye mustari wa tatu wa fungu la kwanza. Binti yake njo aliyeandika liste safi, kwa mukono, na tulimuweka katika fungu la walioandika, ingawa alisema hakuandika kitu, alikopia tu. Karatasi imekwenda Kasongo kuchapishwa. Mustari mumoja tumeuacha wazi kwanza, kwa yule mama wa ukurasa wa vumbi. Hajaamua kama atatumia jina lake ao lile la mutoto wake wa kwanza, ambalo kila mutu anamuitia.