Bomba la kupumulia injini: kifaa kidogo kinachokwamisha malori njiani

Msafirishaji anayepeleka shehena kutoka Mombasa hadi Kampala hupiga hesabu ya dizeli, matairi na posho ya dereva. Ni nadra bomba la kupumulia injini kuingia katika hesabu hiyo. Hata hivyo, likiziba laweza kusimamisha lori zima pamoja na mzigo wake.

Moshi unatoka wapi?

Kila dizeli inapowaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka chini, kwenye krenki na oili. Hali hiyo hutokea hata kwa injini mpya. Gesi hiyo huwa na masizi, mvuke wa maji na matone ya oili, na ni lazima ipate pa kutokea.

Injini nyingi za zamani huitoa nje kwa bomba linaloelekea chini. Nyingi za kisasa huichuja, hurudisha oili kwenye sampu na kuipeleka gesi iungue tena. Jimbo la California, Marekani, lilianza kudai mfumo wa namna hiyo kwa magari mapya ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili kupunguza uchafuzi wa hewa.

Likiziba

Chujio likijaa masizi, au mpira wa bomba ukijikunja, shinikizo hupanda ndani ya injini. Oili hutafuta njia kupitia sili na gasketi. Oili ya turbo nayo hushindwa kurudi vizuri kwenye sampu, na lori huanza kutoa moshi wa bluu. Oili nyingi ikivutwa kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli yaweza kupaa mwendo na kukataa kuzimika hata ufunguo ukizimwa.

Tatizo hujionyesha zaidi kwenye miinuko. Lori linaloanzia usawa wa bahari Mombasa hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 huko Timboroa kabla ya kufika mpaka wa Malaba. Injini ikibeba mzigo mzito, gesi inayopenya huongezeka.

Gharama haiishii kwa fundi. Mzigo unaopita nchi moja kwenda nyingine hufungwa kwa lakiri ya forodha, na kuuhamishia kwenye lori jingine kunahitaji idhini. Tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa elektroniki, hivyo lori likisimama mahali pasipotarajiwa huulizwa sababu. Wakati huo mwenye mali anangoja, na mkopo wa lori unaendelea kudaiwa.

Pima kabla ya kununua spea

Kosa la kawaida ni kubadilisha sili inayovuja na kuliacha shinikizo lililoisukuma. Baada ya muda, sili mpya nayo huvuja.

Injini ikiwa ya moto na ikinguruma taratibu, fundi hufungua kifuniko cha kuwekea oili. Mvuke hafifu ni wa kawaida. Ukitoka kwa kusukuma kwa nguvu, injini izimwe, bomba lichomolewe na kipimo kirudiwe. Shinikizo likishuka, bomba au chujio limeziba, na dawa yake ni nafuu. Lisiposhuka, ringi au silinda huenda zimelika. Lakini kabla ya kukubali injini ifunguliwe yote, kagua kompresa ya breki na turbo, kwani zikichakaa nazo hupenyeza hewa humo.

Usizibe bomba linalodondosha oili ili lori lionekane safi barabarani. Badilisha chujio kwa kilomita zilizoandikwa na mtengenezaji, na mpe dereva jingine la akiba kwa safari ndefu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya lori kulala Malaba.