Picha za taswira majini: Kwa nini mpiga picha aingie ziwani na mtumbwi?

Ukisimama ukingoni mwa Ziwa Singidani alfajiri, kabla upepo haujaanza, utaona kila jiwe mara mbili. Jiwe moja liko juu, limekaa pale miaka na miaka. Lingine liko chini, kichwa chini miguu juu, ndani ya maji. Saa mbili baadaye upepo wa Singida ukishaamka, lile la chini limevunjika vipande na kupotea.

Wapo watu duniani ambao kazi yao ya sanaa ni kulipiga picha lile jiwe la chini. Wengi hawapigi wakiwa nchi kavu. Huingia majini kwa kayaki, yaani chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, hukaa kimya na kusubiri maji yatulie. Makala haya yanaeleza wanafanya nini, kwa nini wanahitaji chombo, na wewe mwenye simu mkononi unaweza kufanya nini bila kuhatarisha maisha yako wala kuwasumbua ndege wa ziwani.

Kivuli au taswira?

Wengi wetu tukiona sura ya mti majini husema tumeona kivuli chake. Lakini kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa usifike. Tunachokiona majini ni kinyume chake: ni mwanga uliotoka kwenye mti, ukagonga uso wa maji, ukarudi hadi machoni petu. Hiyo huitwa taswira, au mwakisiko. Kivuli hakina rangi ya kitu chenyewe. Taswira inayo.

Mwanga hurudi kwa kanuni moja: mshazari uliojia ndio mshazari utakaoondokea, kama mpira unaodundishwa sakafuni. Mtaalamu Ibn al-Haytham wa Basra aliyachunguza mambo haya kwa kina katika kitabu chake kuhusu mwanga na kuona, alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11.

Maji yana tabia nyingine inayomhusu sana mpiga picha. Ukiinama ukatazama moja kwa moja chini, maji yaliyotulia hurudisha takribani sehemu 2 tu kati ya 100 za mwanga. Unachokiona ni tope, majani na samaki. Ukitazama mbali, kwa mlazo, maji hurudisha mwanga mwingi zaidi na kuwa kama kioo. Ndiyo maana mtu akitazama kisima kwa juu huona kina chake, lakini akilitazama bwawa kwa mbali huona mbingu.

Kwa nini uingie na chombo?

Sababu ya kwanza ni kimo. Taswira ya majini si nakala kamili ya kile unachokiona juu. Inaonekana kama vile jicho lako lingekuwa chini ya maji, kwa kina kilekile ambacho jicho lako liko juu ya maji. Ukisimama juu ya jiwe la mita 3 ukapiga picha, jiwe la mbele yako litaonekana kutoka juu, lakini taswira yake itaonyesha upande wa chini. Hivi viwili havitalingana. Ukikaa kwenye chombo, kamera ikiwa sentimita 30 au 40 tu juu ya maji, juu na chini hukaribia kufanana. Hapo ndipo picha hufanana na karatasi iliyokunjwa katikati.

Sababu ya pili ni nafasi. Ukiwa nchi kavu unachukua kile ambacho ukingo umekupa. Ukiwa na chombo unaweza kusogea hatua chache ili nguzo ya umeme itoke kwenye picha, au mawe mawili yakae kwa namna unayotaka.

Kayaki ilibuniwa na watu wa Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, waliounda kiunzi na kukivika ngozi za sili kwa ajili ya uwindaji. Muundaji alitaka kitu kimoja: kumkaribia mnyama bila kelele. Mwendeshaji hukaa chini kabisa, usawa wa maji, akiwa na kafi lenye bapa pande zote mbili. Leo nyingi hutengenezwa kwa plastiki. Huku kwetu mtumbwi wa mvuvi unaweza kufanya kazi ileile, mradi uwe mzima, na mwenyewe akubali na akuendeshe.

Tatizo ni kwamba chombo chenyewe huvuruga maji. Kila kafi linapozama, mawimbi madogo huenda hadi kwenye taswira uliyoifuata. Kwa hiyo kazi kubwa ya mpiga picha wa aina hii ni kusubiri. Husogea upande ambako upepo unatoka, huacha kupiga kafi, hulaza kafi mapajani, kisha huacha chombo kielee taratibu kuelekea anakotaka. Mara nyingi dakika 10 za kukaa kimya huzaa picha moja.

Wakati wa kupiga

Singida iko kwenye uwanda wa juu wa kati ya nchi, na kila mkazi anaujua upepo wake. Maji hutulia zaidi alfajiri na mapema asubuhi, kabla jua halijapasha ardhi joto. Huku jua huchomoza kati ya saa 12:15 na kuelekea saa 1:00 asubuhi, kutegemea mwezi. Uwe tayari kabla ya hapo.

Asubuhi jua likitoka mashariki huangaza mawe na miti ya ukingo wa magharibi. Kwa hiyo lipe jua mgongo. Rangi hukolea zaidi pale ambapo jiwe limepigwa na jua lakini maji ya mbele yako bado yana kivuli, kwa sababu hakuna mng'ao wa jua unaoshindana na taswira.

Usiyadharau mawimbi madogo. Maji yakitikisika kidogo, taswira haipotei mara moja. Hurefuka kwenda chini, kama rangi iliyochuruzika. Kiini cha mti huwa kama nyoka, na jua huwa kama nguzo ya moto. Wasanii wengi wanapenda hali hii kuliko utulivu kamili, kwa sababu huwezi kuipata mara mbili ikiwa ileile.

Simu inatosha?

Inatosha kwa kuanzia. Mambo haya yanasaidia:

Safisha kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Alama ya kidole hutia ukungu kwenye mwanga wa asubuhi.

Gusa skrini pale penye taswira ya jiwe, si kwenye jani linaloelea. Kwa kamera, taswira iko mbali kama jiwe lenyewe lilivyo mbali. Ukilenga uso wa maji ulio karibu nawe, taswira itatoka na ukungu.

Punguza mwanga. Taswira kwa kawaida ni nyeusi kidogo kuliko kitu chenyewe. Simu hujaribu kuing'arisha, na matokeo yake mbingu hugeuka nyeupe tupu. Kwenye simu nyingi, ukishagusa skrini unaweza kuburuta alama ya jua kwenda chini.

Usikuze picha kwa vidole. Sogea.

Miwani au vioo vya kamera vya kuzuia mng'ao huondoa taswira majini. Vinafaa ukitaka kuona samaki, havifai kwa kazi hii.

Maji ya Singidani na ya jirani yake Kindai yana chumvi, na chumvi ni adui wa simu. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, uufunge vizuri na kuuning'iniza shingoni kwa kamba.

Je, hii ni sanaa?

Swali hili huulizwa sana: mtu amebonyeza tu kitufe, sanaa iko wapi?

Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alilijibu kwa vitendo. Katika miaka ya 1870 alikuwa na mashua aliyoigeuza kuwa mahali pa kuchorea, akielea katika mto Seine ili akae karibu na maji. Baadaye alichora bwawa moja la maua lililokuwa nyumbani kwake Giverny, tena na tena, hadi alipofariki mwaka 1926. Michoro ya maua yale ya majini inafikia takribani 250. Bwawa lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni saa, mawingu na upepo.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha ya kupita na kazi ya sanaa: mtu amechagua kitu kimoja na kurudi kwacho, akijua anatafuta nini. Kwa mkazi wa Singida kurudi huko kuna faida nyingine. Maziwa haya hupanda na kushuka kufuatana na mvua. Ukipiga picha ya jiwe lilelile, kutoka mahali palepale, kila mwezi kwa miaka 3, utakuwa na picha nzuri, na pia utakuwa na ushahidi wa jinsi maji yalivyosogea, uchafu ulivyoongezeka au kupungua, na ndege walivyokuja na kuondoka. Andika tarehe na saa ya kila picha. Mgeni anayepita siku moja hawezi kuifanya kazi hiyo. Wewe unaweza.

Picha na ukweli

Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa kitabu chenye picha za ndege na popo waliokufa katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, miili yao ikiwa imekaushwa na kuhifadhiwa na magadi. Aliwaokota kando ya ziwa na kuwaweka kwenye matawi na majini kama walio hai. Yeye mwenyewe alilieleza hilo. Lakini picha zilipozunguka mitandaoni bila maelezo, watu wengi waliamini kuwa ziwa lile hugeuza mnyama kuwa jiwe papo hapo. Si kweli. Natron ndilo zalio kuu la flamingo wadogo wa Afrika Mashariki.

Somo ni rahisi. Ukipindua picha, ukiongeza rangi au ukipanga vitu, sema. Ukificha, unaweza kulizulia sifa mbaya ziwa ambalo watu wanalitegemea.

Flamingo si mapambo

Flamingo, au heroe, hufika Singidani na Kindai, na taswira ya kundi lao majini ni kishawishi kikubwa. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula chao. Flamingo mdogo hula hasa mwani mdogo mno unaostawi katika maji ya chumvi na magadi. Ili ashibe hana budi kuchuja maji kwa saa nyingi kila siku.

Mtu akiwakimbiza ili wapae na picha ipendeze, anawakatiza kula na kuwalazimisha kutumia nguvu. Akirudia kila asubuhi, ndege watahama. Alama ya kujua umewakaribia mno ni hii: wanaacha kula, wanainua vichwa na kuanza kutembea pamoja wakijitenga nawe. Hapo simama, kisha rudi nyuma polepole.

Usalama kwanza

Hakuna picha inayolingana na uhai wa mtu. Usiingie majini peke yako, hata kama unajua kuogelea. Vaa koti la kuokolea na ulifunge, usilikalie. Mwambie mtu nyumbani unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Usisimame ndani ya chombo ili kupata picha, kwa kuwa kayaki na mtumbwi mwembamba hupinduka kwa urahisi.

Upepo ukianza, rudi ukingoni. Usingoje picha moja zaidi. Kwenye ziwa pana lenye uvuvi kama Kitangiri, wilayani Iramba, waulize kwanza wavuvi kuhusu upepo na wanyama wa majini. Wakisema leo hapana, basi ni hapana. Likitokea la kutokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Na kama huna chombo salama wala mwenyeji wa kukupeleka, bakia nchi kavu. Chuchumaa ukingoni mahali pagumu pasipoteleza, shusha simu karibu kabisa na maji, na utapata sehemu kubwa ya kile ambacho mwenye kayaki anakipata. Hata dimbwi lililobaki shambani baada ya mvua linaweza kubeba mti mzima wa mbuyu.

Picha yako ni mali yako

Chini ya sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ya sanaa, picha ikiwemo, hulindwa tangu inapoundwa. Huhitaji kusajili kwanza ndipo iwe yako, ingawa kuisajili COSOTA husaidia kukitokea mgogoro. Hifadhi picha ya asili kama ilivyotoka kwenye simu, bila kupunguzwa ukubwa. Ile uliyoituma kwa WhatsApp mara nyingi imeshapungua na haifai kuchapishwa kubwa.

Heshimu na wengine vilevile. Mvuvi aliye kwenye picha yako ana jina na ana nyumbani. Mwombe ruhusa kabla ya kuituma. Ukiiuza, mkumbuke, kwa sababu huenda ndiye aliyekupeleka ziwani.